Istilahi za Kipali katika Mafundisho ya Buddha na Tatizo la Kuzifasiri kwa Kiswahili

Katika Vinaya, yaani vitabu vya kanuni za watawa wa Kibuddha, imesimuliwa habari ya watawa wawili, ndugu wa tumbo moja, wazaliwa wa ukoo wa Wabrahmani, wenye sauti nzuri na ufasaha wa kusema. Walimwendea Buddha wakalalamika kwamba watawa wa koo na matabaka mbalimbali walikuwa wakiliharibu neno lake kwa kulisema kila mtu kwa lugha yake. Wakaomba ruhusa ya kuliweka katika lugha ya mizani iliyotumika katika nyimbo takatifu za Wabrahmani. Buddha akawakemea, akakataza jambo hilo, akaruhusu neno lake lijifunzwe *sakāya niruttiyā*.

Maneno hayo mawili yamezua ubishi uliodumu karne nyingi. Maana yake ni «kwa lugha yake mwenyewe». Lakini yake nani? Buddhaghosa, mfasiri mkuu wa karne ya 5 aliyefanya kazi yake katika kisiwa cha Sri Lanka, alisema ni lugha ya Buddha, yaani usemi wa nchi ya Magadha. Wataalamu wengi wa siku hizi husoma kinyume chake: lugha ya kila ajifunzaye. Kiswahili, ambacho kiambishi chake cha kumiliki nacho hakimtaji mwenye mali, hufasiri fungu hilo pamoja na utata wake wote. Hiyo ni bahati ambayo mfasiri haipati mara nyingi. Maneno mengine ya mafundisho hayo hayapiti kwa urahisi hivyo, na neno likichaguliwa vibaya msikilizaji hufundishwa jambo ambalo mwalimu hakulisema.

Kipali ni lugha ya jamii ya Kihindi-Kiarya. Huenda jina lenyewe halikuwa la lugha hapo kwanza: *pāli* ilikuwa matini yenyewe, mbali na ufafanuzi wake. Mafundisho yalipokezanwa kwa mdomo kwa vizazi vingi, yakaandikwa kwanza Sri Lanka katika karne ya 1 kabla ya Kristo. Lugha hiyo haina maandishi yake yenyewe. Msinhala huiandika kwa herufi za Kisinhala, Mburma kwa za Kiburma, Mthai kwa za Kithai, na mtaalamu wa Ulaya kwa za Kilatini. Jambo ambalo halitamshangaza msomaji ajuaye kwamba Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne kadhaa kabla ya kuvaa hizi za leo. Wala swali la tafsiri si la mbali kabisa na wasemaji wa Kiswahili, kwa maana jijini Dar es Salaam lipo hekalu la Wabuddha lililoanzishwa na wahamiaji wa Kisinhala mapema katika karne ya 20.

Ugumu wa kwanza ni kwamba msamiati wa dini katika Kiswahili una wenyewe. Maneno kama *nafsi*, *roho*, *dhambi* na *pepo* yamelelewa msikitini, kisha yakachukuliwa na wafasiri wa Biblia. Yakiingia katika mafundisho ya Buddha huingia na jamaa zao wote.

Neno la kwanza la kujaribiwa ni *dukkha*, ambalo ndilo la kwanza pia katika Kweli Nne. Vitabu vingi hulitafsiri kwa *mateso*, na hapo msomaji huambiwa kwamba Buddha alisema maisha ni mateso. Tafsiri hiyo ina kasoro mbili. Kitenzi *kutesa* hudai mtenda: penye mateso hutafutwa mtesaji, na katika *dukkha* mtesaji hayupo. Tena makanisani neno hilo limefungamana na mateso ya Bwana, hata kulisikia tu ni kuuona msalaba. Zaidi ya hayo, orodha ambayo Buddha mwenyewe aliitoa haihusu maumivu peke yake. Inataja kuzaliwa, kuzeeka na kufa, kukutana na usichokipenda, kutengana na ukipendacho, kutopata ulichokitaka, kisha inafunga kwa kutaja mafungu matano ya nafsi na mwili yanayoshikiliwa. Mahali pengine *dukkha* hugawanywa mara tatu: ile ya maumivu yenyewe, ile ya mageuko, na ile iliyomo katika kila kitu kilichoundwa. Mtu anayekula karamu na rafiki zake hateseki. Ila karamu itakwisha, na kwa sababu hiyo nayo imo katika *dukkha*.

Kati ya maneno yaliyopo, *dhiki* ndilo linalokaribia zaidi. Asili yake ya Kiarabu ni wembamba, mahali panapobana. Nao wafafanuzi kadhaa wa zamani walilipasua neno *dukkha* kuwa *du*, ubaya, na *kha*, uwazi au tundu. Kutokana na hayo watu wamelifananisha na tundu la gurudumu lisilolingana na ekseli yake, gari likawa linakwenda kwa kusugua. Wataalamu wengine huona asili tofauti, kusimama vibaya. Vyovyote iwavyo, gari lisilokaa sawa na nyumba inayobana ni picha zinazofaa kuliko mjeledi. *Shida* ni nyepesi mno, na *huzuni* ni ya moyo tu.

Kweli ya pili haisumbui hata kidogo. Chanzo cha *dukkha* ni *taṇhā*, na *taṇhā* ni kiu. Si istilahi ya wanazuoni. Ni kiu ile ile ya koo. Ajabu ni kwamba wafasiri hulikimbilia neno *tamaa* hali Kiswahili kina picha ile ile mkononi. Kiu ya anasa, kiu ya kuwa, kiu ya kutokuwa: hayo ndiyo matawi yake matatu, na la tatu lasahauliwa mara kwa mara, ingawa ndilo linaloonyesha kwamba kuichukia dunia na kutaka kufutika ni kiu vile vile. Hasara ya *tamaa* ni kubwa zaidi, kwa sababu humfanya msikilizaji adhani kila kutaka kumelaaniwa. Kipali kina neno jingine, *chanda*, ambalo ni nia au hamu na laweza kuwa jema. Swali hili liliulizwa tangu zamani. Mbrahmani mmoja, Uṇṇābha, alimwuliza mtawa Ānanda huko Kosambī: utaondoaje hamu kwa kutumia hamu? Hiyo kazi haitakuwa na mwisho. Ānanda akamjibu kwa kumwuliza kama hakuwa na hamu ya kuja bustanini kabla ya kuondoka kwake, na kama hamu hiyo haikutulia alipofika. Mbrahmani akakubali.

Baada ya kiu huja *upādāna*. Hapa Kipali kina neno moja lenye maana mbili ambazo katika lugha nyingi hutengana: kushikilia, na kuni. Upādāna ni kile ambacho moto hukichukua ili uendelee kuwaka. Maana hizo mbili hazikukutana kwa bahati tu. Katika hotuba iliyotolewa karibu na Gayā mbele ya watawa elfu moja waliokuwa zamani waabudu moto, Buddha alisema kwamba jicho linawaka, sikio linawaka, akili inawaka, kwa moto wa uchu, wa chuki na wa upumbavu. Kiswahili kinaweza kuifuata picha hiyo, maana kitenzi *kushika* kinafanya kazi mbili hizo hizo. Mtu hushika mali yake, na kuni hushika moto. Tofauti ni ndogo: katika Kiswahili kuni ndizo zinazoshika, katika Kipali moto ndio unaozishika kuni, lakini mkono na mwali vimebaki katika neno moja, na mfasiri atakayeandika «kung'ang'ania» peke yake ameuzima mwali huo bila sababu.

Moto ukikosa kuni, nini hutokea? Hiyo ndiyo *nibbāna*, neno ambalo watu wengi hulijua kwa umbo lake la Kisanskriti, *nirvāṇa*. Maana yake ni kuzimika. Sarufi ya Kiswahili hapa ina faida, nayo yafaa itumiwe kwa uangalifu. *Kuzimwa* hudai mtu aliyezima. *Kuzimika* ni hali ya chenyewe, mwali kwisha kwa kukosa kuni. Kitenzi cha Kipali ni cha namna hii ya pili. Mfasiri ajihadhari tu asiteleze akaandika *kuzimia*, ambako ni kupoteza fahamu. Konsonanti moja tu itamfanya Buddha azirai. Na wale wanaoandika «mbingu ya Wabuddha», au «peponi», wamevuka kabisa. Mbingu zimo katika mafundisho hayo, tena nyingi, lakini wakazi wake nao hufa. Nibbāna haihesabiwi miongoni mwao. Mtembezi mmoja aitwaye Vacchagotta alipotaka kujua mtu aliyekwisha kuwekwa huru anakwenda wapi akifa, aliulizwa moto uliozimika umekwenda upande gani: mashariki, magharibi, kaskazini au kusini? Akasema swali hilo halifai kuulizwa juu ya moto. Ndivyo, akaambiwa.

Neno lililoleta ugomvi kuliko yote ni *anattā*. Sehemu ya pili, *attā*, ni nafsi, na hapa Kiswahili na Kipali vinafanana sana. Katika lugha zote mbili neno hilo lina kazi ya kila siku na kazi ya kifalsafa. Msemaji wa Kiswahili husema «mimi binafsi» bila kufikiri habari ya roho. Msemaji wa Kipali naye hutumia *attā* kama kijirejeshi cha kawaida, na katika Dhammapada mtu huhimizwa kuitegemea nafsi yake mwenyewe bila haya yoyote ya kupingana na fundisho. Ugomvi uko katika kiambishi cha kukanusha, *an-*. Vitabu vingi husema «hakuna nafsi». Kiswahili kinatofautisha wazi kati ya *hakuna* na *si*: la kwanza hukana kuwapo kwa kitu, la pili hukana kwamba kitu hiki ni kile. Mtu akisema «hakuna mwalimu» na akisema «huyu si mwalimu», hakuna anayedhani amesema jambo moja.

Hotuba ya pili ya Buddha, inayohesabiwa kuwa chimbuko la fundisho hili, inakwenda kwa *si*. Inachukua mafungu matano moja moja: umbo la mwili, *vedanā*, utambuzi, maumbiko ya nia, na fahamu. Juu ya kila fungu inauliza kama mtu anaweza kuliamuru liwe hivi lisiwe vile. Mwili hauamrishwi usiugue. Basi mwili si nafsi, si mali yangu, sio mimi. Kazi yote ni ya kuondoa dai, kama mwenye nyumba anayepita chumba kwa chumba akikuta kila hati ina jina la mtu mwingine. Vacchagotta yule yule aliuliza siku nyingine, waziwazi, kama nafsi ipo, Buddha akanyamaza. Akauliza kama haipo, akanyamaza tena. Baadaye akamweleza Ānanda kwamba jibu lolote kati ya hayo mawili lingemtia mtu yule katika kosa jingine au kuongeza mkanganyiko wake. Mfasiri anayeandika «hakuna nafsi» amelijibu swali ambalo Buddha alikataa kulijibu. Ni kweli kwamba wanafalsafa wa baadaye walilijibu, tena kwa ukali. Hilo ni jambo lao na ni historia nyingine.

Juu ya *kamma* yatosha kusema machache. Ni tendo, hakuna zaidi. Na katika fungu mashuhuri Buddha alisema kwamba aitalo kamma ni kusudi. Matunda ya tendo huitwa *vipāka*, kuiva. Kulifasiri kwa *kudra* au *majaliwa* ni kuligeuza kichwa chini, kwa sababu majaliwa humjia mtu kutoka nje, na tendo hutoka kwake. Kosa la pili ni kudhani kwamba kila maumivu ni malipo ya tendo la zamani. Mtembezi Sīvaka aliyeuliza hivyo alijibiwa kwamba maumivu mengine hutoka katika nyongo, mengine katika kohozi, mengine katika upepo wa mwilini, mengine katika mabadiliko ya majira, na mengine katika kujitunza vibaya au kushambuliwa. Kamma ni sababu moja tu kati ya nane. Jibu hilo lafaa likumbukwe popote mgonjwa anapoambiwa kwamba ugonjwa wake ni haki yake.

Tukigeukia mazoezi, tunakuta kwamba kile kinachoitwa kwa kawaida *kutafakari* hakina jina hilo katika Kipali. Kutafakari ni kuzungusha jambo akilini, na katika hatua ya pili ya utulivu uitwao *jhāna* mizunguko hiyo hunyamaza kabisa. Neno la Kipali ni *bhāvanā*, ambalo limetoka katika kitenzi cha «kuwa» kilichotiwa usababishi: kukifanya kitu kiwe, kukikuza. *Kulea* kungefaa kuliko kutafakari. Mzazi hamtengenezi mtoto kama seremala atengenezavyo meza. Humpa mahitaji, humzuia hatari, kisha mtoto hukua mwenyewe. Kinacholelewa ni *citta*, na hapa *moyo* ni neno la haki. Mswahili huweka siri moyoni, hukata shauri moyoni, hutiwa moyo na kuvunjwa moyo. Fikra na hisia hazikutenganishwa, kama ambavyo hazikutenganishwa katika *citta*. Malezi hayo yana pande mbili, *samatha*, kuutuliza moyo, na *vipassanā*, kuona kwa kupambanua.

Katika *vedanā* Kiswahili kina hazina ambayo haijatumiwa. Wafasiri huandika «hisia», na msomaji hudhani ni furaha, hasira, wivu. Sivyo. Vedanā ni ladha ya kila mguso kabla hasira au furaha haijazaliwa: tamu, chungu, au si tamu wala chungu. Msemaji wa Kiswahili, na hasa yule wa Kongo, *husikia* baridi, husikia njaa, husikia maumivu, husikia harufu. Kusikia huko, ambako sikio halimo, ndiko hasa vedanā. Buddha alifananisha: mtu asiyefunzwa hupigwa mshale, kisha wa pili, wa kwanza ni maumivu anayoyasikia mwilini, wa pili ni huzuni na maombolezo anayojiongezea. Aliyefunzwa hupigwa mmoja tu. Mwalimu S. N. Goenka (1924–2013), aliyeanza kufundisha Bara Hindi mwaka 1969, aliujenga mtindo wake wote juu ya neno hili moja: kuchunguza yanayosikika mwilini bila kuujibu mshale wa kwanza kwa wa pili.

*Sati* ndiyo iliyosafiri mbali kuliko zote. Asili yake ni kumbukumbu, na matini zenyewe huieleza kuwa ni uwezo wa kukumbuka yaliyotendwa na kusemwa zamani. T. W. Rhys Davids, aliyeanzisha chama cha kuchapisha matini za Kipali huko London mwaka 1881, aliichagulia katika tafsiri zake neno la Kiingereza lenye maana ya uangalifu. Uangalifu huo ukaingia hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 1979 kwa juhudi za Jon Kabat-Zinn, na tangu hapo umeenea hata katika ofisi za wafanyabiashara. Kumbukumbu ikapotea njiani. Kiswahili hakina haja ya kuipoteza. «Kumbuka kufunga mlango» si habari ya jana. Ni agizo la kutosahau jambo unalolitenda au utakalolitenda. Mfano wa matini ni wa mtu aliyepewa bakuli la mafuta lililojaa hadi ukingoni, apite nalo katikati ya umati unaomtazama mrembo wa nchi akicheza, na nyuma yake mtu mwenye upanga, tayari kumkata kichwa likimwagika tone. Mfano mwingine ni wa bawabu wa mji wa mpakani anayewajua wenyeji na kuwazuia wageni. Bawabu asiyekumbuka sura hana faida, hata akikodoa macho usiku kucha.

Neno gumu kuliko yote, *saṅkhāra*, lina sura ya kutenda na ya kutendwa pamoja: kinachounda na kilichoundwa. Katika beti tatu zinazofuatana za Dhammapada, namba 277 hadi 279, saṅkhāra zote zinasemwa kuwa hazidumu, kisha kwamba zina dukkha. Lakini ubeti wa tatu, unaotaja anattā, unabadilisha kiima na kutumia *dhammā*, mambo yote pasipo kubakiza. Msomaji wa tafsiri iliyoandika «vitu vyote» mara tatu hawezi kujua kwamba kuna badiliko. Hata hivyo neno hilo hilo hushuka hadi kwenye jambo la karibu kabisa katika mafundisho ya pumzi, *ānāpānasati*, yenye hatua kumi na sita. Katika hatua mbili za kwanza mwanafunzi *anajua*, basi: pumzi ni ndefu, anajua, ni fupi, anajua. Kuanzia ya tatu kitenzi kinabadilika kuwa *anajizoeza*, na hakibadiliki tena hadi mwisho. Ya nne ni kujizoeza kupumua akizituliza saṅkhāra za mwili. Na mtawa wa kike Dhammadinnā, alipoulizwa saṅkhāra za mwili ni nini, alijibu kuwa ni kuvuta pumzi na kuitoa.